Sheria ya Kutorudi Nchini Mviringo

Nchi ya Mviringo haimo katika ramani ninazozijua, na namna nilivyofika huko haimfaidii msomaji kitu. Nitaeleza nilichokikuta.

Nchi nzima ni barabara moja. Huanzia katika mlango wa kusini wa Kilima, penye makao makuu, hushuka bondeni, hupita mashamba na vitongoji, hufika Mlangoni, mji ulio mbali kuliko yote, kisha hupinda na kurejea hadi mlango wa kaskazini wa Kilima hichohicho. Nusu ya kwanza huitwa Njia ya Kwenda, ya pili huitwa Njia ya Kurudi. Barabara imejaa watu wakati wote, bega kwa bega, kifua kwa mgongo, na sheria yao kongwe inakataza kuacha nafasi hata ya kupitisha kiganja. Ndani ya Kilima wamo Wasukumaji, watu wa vifua vipana, ambao huwapokea wanaoingia kwa mlango wa kaskazini na kuwasukuma watoke kwa mlango wa kusini. Juu ya Kilima limejengwa Baraza linalotunga sheria. Wajumbe wake huamini kwamba wao ndio wanaosukuma.

Msafara huo huenda taratibu mno. Nilitembea kando yake asubuhi nzima, na konokono aliyekuwa ukingoni aliupita bila kuonyesha kwamba ana haraka. Watu humenya viazi humo, husuka ukili, husuluhisha ndoa. Mtu akichoka, ndugu yake huingia mahali pake, na mahali hapo hurithiwa kama shamba.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba Wasukumaji ndio wanaoupa mji wa Mlangoni moto wake. Nikamuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa msafarani na sinia la mchele mkononi: yeye, aliyetoka Kilimani, angefika lini Mlangoni kuupeleka huo moto. Aliacha kupeta.

"Mimi nimfikie nani Mlangoni? Mahali hapa ni pa babu yangu, na yeye alipaanzia pale kwenye lile jiwe."

Nilitazama jiwe. Lilikuwa karibu kiasi cha kulipiga teke.

Aliwaita wenzake wamwone mgeni asiyejua, nao wakanieleza kwa zamu, kwa furaha ya watu waliopata mtu wa kumfundisha, jambo ambalo kila mtoto wa Mviringo hulijua. Hakuna anayebeba moto. Barabara imejaa, kwa hiyo Kilima kikimsukuma mtu wa kwanza, yeye humsukuma wa pili, na kabla jicho halijapepesa yule wa Mlangoni naye amesogea, ingawa hakuna hata mmoja aliyekwenda popote pa kusimulia. Watu ni wazito wa mwendo. Msukumo ndio mwepesi. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikidhani, nilipobonyeza swichi nyumbani, kwamba kitu fulani kimetoka mbio kutoka bwawani hadi kwenye taa yangu. Sikuwaambia.

Mlangoni umepata jina lake kutokana na mahali paitwapo Kibano. Hapo kuta mbili za mawe zimeikaribia barabara hadi watu hupita kwa ubavu, wakisuguana na mawe kwa mabega na makalio, na kulaumiana. Kwa kuwa msuguano huo haukomi, mawe yana moto siku zote. Upande wa nje wa kuta hizo watu wa mji huoka mikate, hukausha nguo na huchemsha chai. Aliye ndani ya Kibano hufurahi kidogo sana kuliko aliye nje, lakini wamezoea, na wazee wao hudai kwamba kubanwa huko hutibu mgongo.

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Raya, mjane mnene mwenye sauti ya chini, ambaye kazi yake ni kutotoa vifaranga. Ukuta wa nyuma wa nyumba yake ni ukuta wa Kibano. Juu ya rafu zilizochimbwa ukutani hupanga mayai katika vikapu vya pumba, huyageuza asubuhi na jioni, na kupima joto kwa kulibandika yai kwenye kope ya jicho. Hana kipimo kingine wala hahitaji. Mwaka niliofika, kideri, ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita nchini na kuwamaliza kuku wote, kuanzia Kilimani hadi kwake. Kilichobaki cha kuku aina ya kuchi, wale warefu wenye shingo ya kiburi ambao watu wa Mviringo huwapenda kuliko wanavyopendana, kilikuwa kikapu kimoja cha mayai kwenye rafu ya Bi Raya. Yalikuwa yamekaribia kutotolewa. Yakiharibika, hakuna mahali popote pa kupata mengine.

"Nayalea kama mgonjwa," aliniambia. "Hata kuimba nimeacha."

Katika hali hiyo ndipo Sheria ya Kutorudi ilipoletwa.

Aliyeileta ni Waziri wa Mwelekeo, Mheshimiwa Hasnuu, mtu mrefu, msafi, mwenye joho la sufi lililofika sakafuni na hoja zisizo na mkunjo. Nilimsikiliza Barazani siku ya mjadala, nikakiri kwamba sijawahi kusikia upuuzi uliopangwa vizuri kiasi kile. Alisema kwamba nusu ya taifa, wakati wowote utakaohesabu, iko katika Njia ya Kurudi. Aliuliza ni taifa gani lenye heshima ambalo nusu ya watu wake hurudi. Alisema kwamba nguvu ya Wasukumaji inatumika kuwarudisha watu walikotoka, na kwamba nguvu hiyo ikiokolewa na kuwekwa yote katika Njia ya Kwenda, Mlangoni utapata moto maradufu. Njia ya Kurudi ifungwe. Watu waende tu.

Mjumbe wa Mlangoni, Bwana Ngwali, aliuliza wakishakwenda wawe wapi.

"Mbele," alijibu Waziri, na Baraza likapiga meza.

Ngwali hakukaa. Alilikumbusha Baraza nchi jirani ya Yumba, ambako watu hupiga hatua moja mbele na hatua moja nyuma maisha yao yote, na bado mikate yao inaiva, kwa sababu ukuta haujali unasuguliwa kuelekea wapi. Hapo alikosea. Katika Mviringo hakuna tusi kubwa kuliko kufananishwa na Yumba, na wajumbe waliokuwa bado na shaka waliondokewa na shaka hiyo papo hapo. Kura za Baraza hilo hupigwa kwa utaratibu wa kwao: anayekubali hukaa, anayepinga husimama, kwa hoja kwamba kupinga kunapaswa kumgharimu mtu jitihada. Baada ya chakula cha mchana sheria nyingi hupita. Hii ilipita akiwa amesimama Ngwali peke yake.

Sherehe ya kufunga ilifanyika Mlangoni, hatua chache baada ya Kibano, pale Njia ya Kurudi inapoanzia. Liliwekwa lango la mninga lenye nakshi. Waziri Hasnuu alilisukuma mwenyewe likajifunga, akageuka ili aone taifa likienda mbele kwa kasi maradufu.

Taifa lilisimama. Halikupungua mwendo kwanza, wala halikusimama kuanzia langoni na kurudi nyuma kama nilivyotarajia kuona. Lilisimama lote kwa pamoja. Watu waliokuwa wakishuka kutoka Kilimani, siku nzima ya safari kutoka hapo, walisimama pamoja na yule aliyekuwa na pua yake kwenye mninga. Katika Njia ya Kurudi pia, ambayo sasa hakuna aliyewasukuma waliokuwa ndani yake, watu walisimama wakaanza kuulizana. Ndani ya Kilima, kama tulivyopata habari baadaye, Wasukumaji waliendelea kusukuma kwa nguvu zilezile mgongo usiosogea.

Bendi ilimaliza wimbo wake. Waziri alingoja, kisha akasema kwamba wananchi wameguswa mno na tukio hilo.

Baraza halikukaa kimya. Iliundwa Tume ya Kumtafuta Aliyesimama wa Kwanza, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba mtu fulani, kwa uvivu au kwa fitina, alikuwa amesimama na kuwasimamisha wengine. Nilifuatana na Tume hiyo kwa sehemu ya njia. Kila shahidi alieleza jambo moja: yeye alikuwa tayari kwenda, aliyesimama ni wa mbele yake. Tume ilimwendea wa mbele. Iliendelea hivyo kwa uvumilivu wa kupigiwa mfano mpaka ikamfikia yule wa langoni, ambaye alisema kwamba wa mbele yake ni lango. Tume ilitaka kujua ni nani aliyelifunga. Akaonyesha kwa kidole, kwa adabu, na Tume ikaona kwamba swali hilo lilikuwa nje ya hadidu zake za rejea.

Wakati huo mawe ya Kibano yalikuwa yakipoa. Wapishi wa mikate walikuwa wa kwanza kulalamika, wakafuata wanywaji chai. Bi Raya hakulalamika. Aliyafunika mayai kwa blanketi, akaweka shuka juu ya blanketi, kisha akayalalia kwa ubavu kama kuku mwenyewe. Niliposema kwamba yai lililokaribia kutotolewa huwa na joto lake la ndani na laweza kuvumilia kidogo, alinitazama.

"Kidogo ni mpaka lini, mwanangu?"

Akatoa yai moja, akaliweka kwenye kope yake, akalirudisha. Kisha akaniambia tuondoke. Alikuwa amesikia kutoka kwa wapitao kwamba Kilimani kuna joto.

Habari hiyo ilikuwa kweli, na chanzo chake ni hiki. Chini ya Baraza, njia mbili za Mviringo hupita zikiwa jirani kabisa, zimetenganishwa na ukuta mnene wa mpira ambao wahenga waliujenga na kukataza kuutoboa. Kusimama kwa taifa kuliwaudhi wajumbe kuliko mtu mwingine yeyote, kwani walikuwa wamezoea kutazama watu wakipita chini ya madirisha yao. Basi walipitisha kwamba utobolewe mlango mdogo katika ukuta huo, ili watu wanaotoka kwa mlango wa kusini wapite hapo, waingie kwenye kipande cha mwisho cha Njia ya Kurudi na kuingia Kilimani tena kwa mlango wa kaskazini. Mtu mmoja aliuliza kama huko si kurudi. Waziri Hasnuu alijibu kwamba mtu ambaye hajaenda hawezi kusemwa amerudi, na jibu hilo likaandikwa kwa herufi za shaba juu ya mlango.

Tulipofika na kikapu chetu kwenye mablanketi, nilidhani kuna vita. Wasukumaji walikuwa na nguvu zilezile za kusukuma nchi nzima, na sasa nchi nzima ilikuwa mlango mmoja. Hapakuwa na umbali wa kuwachosha watu wala Kibano cha kuwapunguza. Walitoka kusini kwa kishindo, wakapinda, wakaingia kaskazini, wakatoka tena, wakiwa mbio, mikono juu, wengine bila viatu. Mawe yalifuka. Ukuta wa mpira ulikuwa umeanza kulainika kandokando ya mlango na kutoa harufu ambayo mjumbe mmoja aliniambia ni harufu ya maendeleo. Wasukumaji walikuwa wakitolewa nje kwa machela. Afisa wa Takwimu alitangaza kwa kipaza sauti kwamba haijapata kutokea taifa likaenda kwa kasi hiyo, na takwimu zake zilikuwa sahihi. Hakuna aliyemuuliza linakwenda wapi. Kwingineko kote, tangu pale hadi Mlangoni, watu walikuwa wamesimama vilevile.

Bi Raya hakushangaa. Alishusha kikapu, akatoa yai, akaanza kulibeba huku na huku akitafuta mahali. Karibu na mlango joto lingelichemsha. Barabarani palikuwa na vumbi na mateke. Akatazama juu, kwenye Baraza, ambalo lilikuwa limejengwa juu ya moto huo wote, akapanda ngazi, nami nikamfuata na kikapu.

Baraza lilikuwa katika kikao. Wajumbe walikuwa wamevua majoho, isipokuwa Waziri, na wengine walikuwa wamepandisha miguu mezani kwa sababu ya sakafu. Bi Raya alipita kati ya viti akiinama na kubandika yai kwenye kope, mahali baada ya mahali, akisema samahani baba, samahani mwanangu. Bawabu alimfuata bila kujua kosa aliloliona linaitwaje. Hatimaye alisimama mbele ya kiti cha Waziri wa Mwelekeo, kilichokuwa mwisho wa safu, akainama chini yake.

"Hapa," alisema.

Waziri alimuuliza kuna nini. Bi Raya alimwonyesha kikapu. Nilimwona mtu yule, ambaye hoja zake hazikuwa na mkunjo, akiufunua ukingo wa blanketi kwa kidole kimoja.

"Kuchi?"

"Kuchi, mheshimiwa. Wa mwisho."

Kisha akamsimulia, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia jukwaani, kwamba mjomba wake alikuwa na jogoo wa kuchi aliyeweza kula mezani bila kupanda kiti. Akanyanyua miguu, kikapu kikasukumwa chini ya kiti, na Bi Raya akalishusha lile joho la sufi pande zote likakifunika kama pazia. Akalibandika yai la mwisho kwenye kope, akaridhika.

"Sasa usinyanyuke, baba. Joho likiondoka, joto limeondoka."

Kikao kiliendelea. Bwana Ngwali alitoa hoja ya kulifungua lango la Mlangoni, kuliziba tobo la ukuta wa mpira, na kuifuta Sheria ya Kutorudi. Hakuitaja Yumba safari hii. Alieleza kwa utaratibu kwamba barabara isiyo na marejeo haina mwendo, na kwamba Wasukumaji wakiisha kwa machela, hata mbio za hapo chini zitaisha. Wajumbe wengine walianza kumwelewa, hasa wale waliokaa karibu na ukuta wa moto. Wengine walisema kwamba joto ni zuri na kwamba wananchi wa mbali wavute subira. Tangu hapo mjadala ulihamia kwenye swali la nani alisimama wa kwanza, ukadumu humo kwa muda mrefu.

Mimi nilikuwa ukutani pamoja na Bi Raya. Katikati ya hotuba moja niliona bega la Waziri likishtuka. Akainamisha kichwa taratibu, akatega sikio. Bi Raya aliniminya mkono hadi ukauma.

Spika, mwanamke mkavu ambaye sikumwona akitabasamu hata mara moja, aliita kura. Wanaokubali wakae, wanaopinga wasimame. Walisimama wengi. Akahesabu, akahesabu tena, akatangaza kwamba waliosimama na waliokaa watalingana, endapo Waziri wa Mwelekeo atasimama, na kwao kura zikilingana hoja huanguka. Kisha akatazama mwisho wa safu.

"Mheshimiwa Hasnuu, umekaa."

"Najua nimekaa."

"Hoja iliyopo ni ya kufuta sheria yako."

"Nimeisikia, Mheshimiwa Spika."

Wenzake walimvuta mkono wa joho. Mmoja alimnong'oneza kwamba amechanganyikiwa kwa joto. Mwingine, aliyedhani kwamba miguu imemfa ganzi, alijitolea kumnyanyua, na Waziri akamtazama kwa namna iliyomfanya arudi mahali pake na kusimama kama awali. Chini ya joho kitu kililia kwa sauti nyembamba. Wajumbe waliokuwa karibu walitazama sakafuni, kisha darini.

Nadhani Waziri alikuwa akipima, kama alivyozoea, na kwamba kwa mara ya kwanza kipimo kilikuwa na uzito pande zote mbili. Alishika mikono ya kiti kama mtu anayetaka kusimama. Akaiachia.

"Nimekaa," alisema.

Hoja ikapita.

Amri ilipelekwa Mlangoni na tobo likazibwa kwa mpira uliokuwa bado moto. Nilikuwa nimetoka nje na kusimama ukingoni mwa Njia ya Kwenda, nikiwa nimeuweka mkono begani pa mtu asiyenijua, kwa kusudi la kuangalia. Sikusikia kishindo wala tangazo. Bega lilisogea tu chini ya kiganja changu, taratibu kuliko konokono, na kwa hilo nikajua kwamba siku nzima ya safari kutoka hapo lango la mninga lilikuwa limefunguka, na kwamba mtu fulani ndani ya Kibano ameanza kulalamika. Afisa wa Takwimu alitangaza anguko kubwa la kasi ya taifa.

Nilirudi Barazani kuaga. Wajumbe walikuwa wameondoka. Msemaji wa wizara alikuwa tayari ameeleza kwamba Waziri alikaa kwa kuheshimu maoni ya wengi, na kwamba kukaa kwake kulikuwa hatua ya mbele. Waziri mwenyewe alikuwa bado kitini, peke yake katika safu zote zile, joho limetandazwa, shingo imepinda kwa kusikiliza. Bi Raya alikuwa amepiga magoti mbele yake, mkono mmoja chini ya sufi.

"Wangapi?" aliuliza Waziri.

"Wanne. Wa tano anagonga."

"Jogoo yumo?"

"Mapema mno kujua, baba. Na joto la sakafu linapungua. Kaa."

Akakaa.